BARUA YA MWALIMU: Nyaya Mbili Zenye Kichwa cha Namna Moja



Jumamosi ijayo mama mmoja mzee atakuja katika ukumbi wa parokia yetu hapa Uvira, akae kitini, atuimbie. Ni dada wa marehemu mwalimu wa kwaya, aliyeifundisha kwaya hii kabla hatujazaliwa sisi tunaoiongoza leo. Kwa kadiri tujuavyo, yeye peke yake ndiye anayezikumbuka bado nyimbo za Kivira ambazo kaka yake alizikusanya kwa wavuvi na kuzitilia maneno ya sala. Kijana mmoja wa kwaya alinijia juzi akaniuliza, "Mwalimu, safari hii tutaunganisha nyaya kwa namna gani, tusije tukaaibika tena?"

Swali lake ni la haki. Nimeona vema nimjibu hapa, ili na kwaya za parokia nyingine zipate faida. Aibu anayoitaja naijua vizuri, kwa kuwa mkono uliotia waya mahali pasipo pake ulikuwa mkono wangu.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2019. Kituo kimoja cha redio kilituazima kwa jioni moja tu kinasa sauti cha kazi, chombo cha thamani chenye matundu mengi mgongoni. Mzee aliteremka kutoka mlimani pamoja na mjukuu wake. Meza ya kuchanganyia sauti ilikuwa tayari, mikrofoni ilikuwa tayari. Nikatwaa waya kutoka mezani, nikaona mgongoni mwa kinasa tundu lenye vishimo vitatu, na kichwa cha waya wangu kilikuwa na pini tatu. Kikaingia barabara, kikalia "ta", nami nikafurahi. Nikabonyeza kitufe. Kwenye kioo saa ikaanza kuhesabu sekunde, na taa moja ndogo ikawa ikimetameta. Tulidhani kwamba kumetameta huko ndiko kufanya kazi.

Mzee aliimba dakika 40. Aliimba akipiga goti lake kwa kiganja, na mara mbili alinyamaza ili kutueleza neno la zamani. Akanywa chai, akatubariki, akarudi kwake. Kesho yake nikaketi kusikiliza. Dakika 40 zilikuwamo, zimehesabiwa sawasawa, lakini ndani yake hamkuwamo sauti hata moja.

Tulikubaliana kumwita tena mvua zikiisha. Lakini mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba nyingi za mji huu, kama mnavyokumbuka. Sanduku la madaftari na kaseti za kwaya lilichukuliwa na maji. Mzee mwenyewe alikuwa salama kule juu, lakini ugonjwa ulimwondoa mwaka ule ule kabla hatujapanda kwake. Kilichobaki cha sauti yake ni nusu dakika, ambayo mjukuu wake aliinasa kwa simu siku ile ile akiwa amekaa mlangoni. Simu ile ndogo iliishinda mashine kubwa kwa sababu mwenyewe alijua kuitumia.

Sasa na tuone kosa lilikuwa wapi.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Mikrofoni huupokea mtikisiko huo na kuugeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka vilevile kama sauti inavyopanda na kushuka. Umeme huo ni mfano wa sauti yenyewe, nao huitwa analogi. Ukisimama bandarini Kalundu ukatazama wimbi likipanda na kushuka bila kukatika, umeiona analogi.

Lakini mtu aweza kufanya kazi nyingine pale pale. Aweza kusimamisha mti wenye alama ndani ya maji, na kila kitambo akasoma maji yamefika alama gani, akaandika namba katika daftari. Akimpelekea mwenzake wa Bujumbura daftari hilo, mwenzake hapokei maji, hupokea namba, na kwa namba hizo aweza kulichora wimbi upya. Hiyo ndiyo dijitali. Kinasa sauti cha siku hizi hupima wimbi la sauti mara 48,000 kwa kila sekunde. Sahani za CD zimepimwa mara 44,100. Kila kipimo huandikwa kwa biti. Kwa biti 16 mti wetu una alama 65,536; kwa biti 24 una alama zaidi ya milioni 16.

Basi, waya wa analogi hupeleka wimbi, na waya wa dijitali hupeleka daftari la namba. Shida yetu ni kwamba mafundi wa dunia wamevipa vitu hivi viwili vichwa vya namna moja. Kile kichwa cha duara chenye pini tatu, kiitwacho XLR, hutumika kwa mikrofoni, nacho hicho hicho hutumika kwa waya wa dijitali uitwao AES/EBU. Kanuni ya waya huo ilitolewa mwaka 1985 na chama cha mafundi wa sauti, AES, pamoja na umoja wa watangazaji wa Ulaya, EBU. Tundu nililolitumia mimi lilikuwa na herufi hizo juu yake. Lilikuwa likingoja namba, nami nikalipelekea wimbi. Halikuelewa neno. Taa iliyokuwa ikimetameta ilikuwa ikituambia, "Sioni kitu," nasi hatukuijua lugha yake.

Kosa hilo halikumwumiza mtu wala kuharibu chombo. Lilituondolea tu jioni moja ambayo hairudi.

Tuzichambue sasa nyaya moja moja.

Kwanza ni waya wa mikrofoni. Ndani yake mna nyuzi mbili zilizozungukwa na wavu wa madini. Wavu umefungwa kwenye pini ya 1, nazo nyuzi kwenye pini ya 2 na ya 3. Uzi wa pini ya 2 huchukua wimbi kama lilivyo. Uzi wa pini ya 3 huchukua wimbi lile lile limepinduliwa, la juu likawa chini. Kelele za njiani, kama mvumo wa umeme wa nyumba, huziingia nyuzi zote mbili kwa kadiri moja. Kisha kinasa hutwaa tofauti ya nyuzi hizo. Wanafunzi wangu wa hesabu wataelewa mara moja: 5 toa 5 ni sifuri, basi kelele hufutika, lakini 3 toa hasi 3 ni 6, basi sauti huongezeka. Ndiyo maana waya wa namna hii waweza kuvutwa kutoka altareni hadi mlango mkubwa wa kanisa bila kuleta uvumi.

Pili ni nyaya za nyumbani, zile za redio na televisheni, zenye vichwa vyekundu na vyeupe viitwavyo RCA, pamoja na vile vichwa virefu vya jeki. Waya wa RCA una uzi mmoja tu na wavu wake, hauwezi kufuta kelele. Usizidi mita chache. Jeki nayo ina mtego wake. Jeki yenye sehemu tatu yaweza kuchukua sauti moja kwa nyuzi mbili, kama waya wa mikrofoni, au sauti mbili, ya kushoto na ya kulia, kama waya wa simu. Kwa macho hazina tofauti. Ukitoa sauti katika simu kwa waya wa jeki, ukaitia katika tundu linalotwaa tofauti, kumbuka hesabu yetu: kilicho sawa kushoto na kulia kitafutika. Na mwimbaji aliyewekwa katikati yuko sawa pande zote mbili! Utasikia ngoma za pembeni na mwangwi, na mwimbaji hayupo. Nimewaona watu wakibadili simu tatu, kumbe simu zote zilikuwa nzima.

Tatu ni nyaya za dijitali. Mbali na AES/EBU, iko ya nyumbani iitwayo S/PDIF, iliyopewa jina kwa herufi za kampuni Sony na Philips. Hiyo hutumia kichwa cha RCA, sawa na kile cha redio. Iko pia yenye kupeleka mwanga badala ya umeme, iliyoanzishwa na Toshiba mwaka 1983. Ncha yake huonyesha nukta nyekundu chombo kikiwa kazini. Waya mmoja wa namna hizi huchukua sauti zote mbili, kushoto na kulia.

Je, waya wa mikrofoni waweza kutumika mahali pa waya wa AES/EBU, kwa kuwa vichwa ni sawa? Kwa masafa mafupi mara nyingi hufanya kazi, nawe ukadhani umefaulu. Lakini waya wa AES/EBU umetengenezwa kwa ohmu 110, na ule wa S/PDIF kwa ohmu 75, kwa sababu namba zile hukimbia kwa kasi kubwa kupita sauti. Katika waya usiostahili, hasa ukiwa mrefu, namba hugonga mwisho na kurudi nyuma, zikachafuana na zile zinazokuja. Hapo husikii mvumo, bali milio ya ghafula kama punje zinazorushwa batini, au ukimya wa kitambo. Wala usiunganishe AES/EBU na S/PDIF kwa kubadili vichwa tu. Nguvu zake si sawa, yafaa kipatanishi kati yao.

Liko pia jambo la saa. Vinasa viwili vilivyounganishwa kwa dijitali sharti vihesabu pamoja, kama waimbaji wanavyomfuata mwongozaji mmoja. Waongozaji wakiwa wawili, hata wakiwa hodari namna gani, kwaya itapasuka. Kwa hiyo chombo kinachotoa ndicho kiongoze, na kinachopokea kiambiwe kufuata saa ya waya unaoingia. Tena vyote viwe na hesabu moja: kimoja kisiwe cha 48,000 na kingine 44,100.

Mtu ataniuliza, "Mwalimu, taabu yote hiyo ya nini? Kwa nini tusiziandike nyimbo kwa noti?" Noti ni jambo jema, nami hufundisha noti. Lakini ziko nyimbo zisizoandikika zote. Mwaka 1958, kule Kamina katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji, pamoja na kwaya yake iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin, waliimba misa iitwayo Missa Luba. Sehemu nyingi zake zilizaliwa katika kuimba kwenyewe, kwa desturi za nyimbo za hapa kwetu, bila kuandikwa kwanza. Dunia iliijua misa hiyo kwa sahani ya santuri. Na kabla yake, miaka ya 1951 na 1952, Mmarekani Alan Merriam alipita Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi akinasa nyimbo, na za Washi wa Kivu zikiwamo. Walioimba siku zile wengi wamekwisha kulala, na sauti zao zinasikika. Leo hatuhitaji kumngoja mgeni aje na chombo. Chombo tunacho, kilichopungua ni kukijua.

Haya basi, kijana wangu, ndiyo tutakayoyafanya Jumamosi.

Mama mzee hatangoja. Sisi tutafika saa mbili kabla yake, tuunganishe na kujaribu kila kitu kwa sauti ya mmoja wetu. Vinasa vyote viwili vitatumia betri, maana umeme wa mji huu hukatika bila kuaga, na jenereta hunguruma ndani ya wimbo. Betri hutuokoa pia na ule mvumo wa hezi 50 unaozuka vyombo viwili vinapochomekwa katika plagi za mbali. Kama siku moja utalazimika kutumia umeme wa nyumba, chomeka vyombo vyote mahali pamoja. Na mtu asikushauri kukata mguu wa ardhi wa plagi ili kuondoa mvumo. Mguu huo ndio unaomlinda mwimbaji anayeshika mikrofoni.

Meza ya kuchanganyia tutaiacha kabatini. Mikrofoni mbili zitaingia moja kwa moja katika kinasa cha kwanza, kwenye matundu yaliyoandikwa MIC. Soma maandishi kabla ya kutia waya. Mikrofoni hutoa umeme mdogo sana, sehemu za elfu moja za volti. Meza ya kazi hutoa volti 1 na robo hivi, na redio ya nyumbani thuluthi ya volti. Ukiitia meza katika tundu la mikrofoni, sauti itapasuka. Ukiitia mikrofoni katika tundu liandikwalo LINE, utasikia mnong'ono. Mikrofoni zetu zahitaji volti 48, nazo hupewa na kinasa kwa waya ule ule; kitufe chake kibonyezwe baada ya kuunganisha, na kizimwe kabla ya kuchomoa. Usizipeleke volti hizo katika simu, wala katika meza.

Kinasa cha pili kitakuwa akiba. Kitapokea kutoka cha kwanza kwa waya wa AES/EBU wa haki, nimekwisha kuununua na kuufunga utepe wa buluu, usichanganyike na nyaya za mikrofoni. Ukisahau upande wa kutia, ziangalie pini: katika XLR upande wenye pini hutoa sauti, upande wenye vishimo huipokea. Tutakiambia kinasa cha pili kuchagua mlango wa dijitali na kufuata saa ya cha kwanza. Taa yake ikimetameta, hatuanzi. Ikitulia, tumeungana.

Kisha vipimo. Katika dijitali, sifuri ni dari. Sauti inayofika darini hukatwa kichwa, wala hakuna dawa ya kukirudisha. Mama mzee akiimba kwa nguvu, mshale ufike karibu na hasi 12, ili akisisimka pawe na nafasi. Sauti ndogo twaweza kuikuza kesho. Iliyokatwa hatuwezi kuiunga.

La mwisho ndilo ningaliliweka la kwanza. Mmoja wetu atavaa visikilizio masikioni tangu mwanzo hata mwisho, na kazi yake itakuwa hiyo tu. Hatapanga viti, hataleta chai. Kabla ya wimbo wa kwanza tutamwomba mama atusimulie safari yake ya kuja. Tutanasa dakika moja, tutasimamisha, tutaisikiliza katika vinasa vyote viwili. Saa inayohesabu kwenye kioo si ushahidi. Ushahidi ni sikio.

Jioni ile ile, kabla ya kulala, nyimbo zitanakiliwa mahali pawili: nakala moja ikae parokiani, na nyingine ipande mlimani kwa mjukuu wa mzee, mbali na mto na mbali na ziwa. Mjukuu huyo ameahidi kuja Jumamosi. Nimemwomba yeye ndiye avae visikilizio, naye amekubali.

Ndimi Mwalimu wenu.